Mchanga kwanza, jua baadaye

Wakenya wengi hulisikia jina la Tseikuru wakati wa siasa, kwa kuwa ndiko alikozaliwa Kalonzo Musyoka mnamo Desemba 1953. Wanaoishi huko wana jambo jingine la kuwakosesha usingizi: maji. Mji huu wa Mwingi Kaskazini, katika Kaunti ya Kitui, uko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, kwenye nyika inayoteremka kuelekea Mto Tana. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Ile ya Machi hadi Mei huja kwa kubahatisha, na aliyeipandia hujikuta akivuna mabua. Miezi inayobaki ni jua kali, asubuhi hadi jioni.

Kiangazi kikishika, mito hugeuka njia za mchanga. Maji yapo, lakini yako chini. Watu huchimba mashimo katikati ya mto hadi unyevu utokee, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayateka kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, hadi mtungi wa lita 20 ujae. Punda husimama kando akisubiri kupakiwa mitungi yake minne. Wakishaondoka, mbuzi na ng'ombe hushuka kwenye shimo lile lile, wakanywa na kuacha kinyesi ukingoni. Kesho yake kuna mtoto atakayekunywa maji ya hapo, na huenda akaanza kuhara kabla wiki haijaisha.

Jua hilo hilo linalokausha mito lina uwezo wa kuua vijidudu vilivyomo katika maji hayo. Jambo hili limepimwa na wanasayansi kwa miaka mingi, na baadhi ya vipimo muhimu zaidi vilifanyika hapa hapa Kenya, kwa watoto wa Kajiado na Nakuru. Naandika makala haya kwa sababu naamini elimu hiyo inastahili kufika Tseikuru ikiwa kamili, pamoja na masharti yake. Sharti la kwanza ni kwamba mwanga huua tu kile unachokifikia.

Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walianika juani mirija yenye maji ya virutubisho. Mirija iliyopigwa na jua ilibaki na maji maangavu, na ile iliyofunikwa ikachafuka kwa bakteria. Waliona pia kwamba mwanga uliofanya kazi zaidi ni wa upande wa buluu na zambarau. Ng'ambo ya zambarau, pale jicho la binadamu lisipoona tena, ndipo ilipo miale ya urujuanimno. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na kufikia 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ulikuwa umejaribu taa za miale hiyo kusafisha maji ya mji.

Miale hii imegawanywa katika makundi matatu. UVC, yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 280, ndiyo kali kuliko zote, lakini tabaka la ozoni huizuia yote isifike ardhini. Anayeitaka hana budi kutumia taa, na taa ya kawaida ya zebaki huitoa kwenye nanomita 254. Mwale huo ukimpiga bakteria, hupenya hadi kwenye DNA yake na kuziunganisha herufi mbili zilizo jirani mahali zisipostahili kuungana, mfano wa zipu iliyokwama meno. Bakteria huyo anaweza kuendelea kuwepo kwa muda, ila hawezi tena kuzaana, na asiyeweza kuzaana hawezi kumwangusha mtu kitandani.

Jua linalopiga mapaa ya Tseikuru huleta zaidi kundi la UVA, nanomita 315 hadi 400, pamoja na UVB kidogo. UVA ni dhaifu kuliko UVC na hutumia njia nyingine. Huamsha chembe fulani ndani ya bakteria na oksijeni iliyoyeyuka majini, zikatoa kemikali kali zinazomharibu kutoka ndani. Maji yakipata joto la kupita nyuzi 45 za Selsiasi, joto na mwanga husaidiana na kazi huenda haraka zaidi. Udhaifu huo wa UVA ndio unaofanya jua lihitaji saa ilhali taa huhitaji sekunde.

Aliyelichukua jambo hili kutoka maabara hadi jikoni ni Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Mwaka 1980 yeye na wenzake walieleza jinsi ya kuua vijidudu kwa jua katika maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaohara. Miaka iliyofuata wataalamu wa taasisi ya Eawag ya Uswisi waliiboresha njia hiyo kwa chupa za plastiki. Swali likabaki moja. Je, mtoto anayeishi kwenye vumbi na mifugo, anayekunywa maji ya dimbwi, atapona kweli kwa chupa iliyolazwa juu ya paa?

Jibu lilitoka Kajiado. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Ronan Conroy wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland. Watoto 206 wa Kimaasai, wenye umri wa miaka 5 hadi 16, walipewa chupa za plastiki. Nusu waliambiwa waziweke juani, juu ya paa, na nusu wazihifadhi ndani ya nyumba. Katika wiki 12, uwezekano wa kupata kuhara kukali ulikuwa umepungua kwa karibu theluthi moja kwa wale wa juu ya paa. Kisha kipindupindu kikaingia eneo hilo, na watafiti wakarudi kwenye familia zilizokuwa zikishiriki. Miongoni mwa watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji yaliyokaa juani, watatu waliugua. Miongoni mwa 144 waliokunywa maji yaliyokaa ndani, waliougua walikuwa 20. Hesabu hizo zilichapishwa mwaka 2001, na mimi kila nikizisoma huwafikiria wale 17 wa ziada. Kati yao na wenzao palikuwa na paa tu.

Utafiti mwingine ulifanyika Nakuru ukiongozwa na Martella du Preez wa Afrika Kusini, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Siku za kuhara damu kwa watoto wa chini ya miaka mitano zilipungua kwa asilimia 44. Watoto hao pia walirefuka zaidi ya wenzao, kwa wastani wa sentimita 0.8 katika mwaka mmoja, kwa kuwa tumbo lisilougua hukitumia chakula chote kilicholiwa. Nairobi nako, shirika la KWAHO lilifundisha njia hii nyumba kwa nyumba Kibera.

Haitakuwa haki kutaja ushindi na kuficha pale iliposhindikana. Nchini Bolivia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 haukuona nafuu ya kutegemewa. Ilipochunguzwa, familia zilizokuwa zikianika chupa kama zilivyofundishwa hazikufika hata nne katika kila kumi. Kuanika chupa ni kazi ya kila siku kama kuchota maji yenyewe, na mama aliyekwisha kutembea kilomita kadhaa na punda anaongezewa mzigo juu ya mzigo. Anayefundisha njia hii kwa mkutano mmoja wa chini ya mti, akapiga picha na kuondoka, anapoteza wakati wake na wa wenyeji.

Kazi yenyewe haina ufundi mkubwa. Tafuta chupa za plastiki angavu zisizo na rangi, za lita mbili au chini ya hapo, zile zile za soda na maji ya dukani. Ondoa karatasi ya nembo na uioshe chupa kwa sabuni. Jaza robo tatu, funga, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 20 ili hewa iingie majini, kisha ijaze hadi juu. Ilaze chali juu ya mabati mahali pasipo kivuli, tangu asubuhi, kwa muda wa saa sita. Kama wingu limefunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Ikinyesha mchana kutwa, kinga maji ya mvua unywe hayo. Jioni ingiza chupa ndani zipoe usiku, na watu wanywe kutoka kwenye chupa hiyo hiyo au kwenye kikombe safi, bila kuyamimina kwanza kwenye mtungi ulioingizwa mikono ya kila mtu. Chupa iliyokwaruzwa hadi ikafifia ibadilishwe. Wapo wanaoogopa kwamba plastiki itatoa sumu kwenye jua. Vipimo vilivyofanywa Uswisi kwa chupa za aina hii vilikuta kemikali zinazoogopwa ziko katika kiwango kile kile cha maji ya chupa yanayouzwa dukani, chini ya mipaka ya usalama.

Hapa ndipo gazeti ulilolishika linapopata kazi ya pili. Litandaze mezani, usimamishe chupa iliyojaa juu ya maandishi makubwa ya kichwa cha habari, kisha uchungulie kutoka mdomoni mwa chupa hadi chini. Ukiweza kuzisoma herufi, maji yana uangavu wa kutosha na jua litaviua vijidudu vyake. Usipoziona, miale nayo haitapita, na bakteria waliojificha nyuma ya chembe za udongo watatoka salama. Maji ya silanga, yaani bwawa la udongo, yenye rangi ya chai ya maziwa, hushindwa mtihani huu. Ni kweli kwamba maabara iliyoiga jua la Kenya iliweza kuua bakteria katika maji machafu sana kwa joto peke yake, pale maji yalipofika nyuzi 55. Lakini joto hilo halipatikani kila siku, na sioni sababu ya kumtegemeza mtoto kwenye bahati ya siku.

Kwa hiyo swali la mwanga linarudi kuwa swali la mchanga, na kwa mchanga Kitui ina elimu ambayo sehemu nyingi za dunia huja kujifunza. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika kaunti hii. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga mzito, ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha katika nafasi zilizo kati ya punje, ambazo zinaweza kufika robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii kuyakausha, mbu hawapati pa kutagia, na maji yanapopenya polepole katika mchanga huacha matope na sehemu kubwa ya vijidudu njiani.

Kazi hii ya mchanga huharibiwa mahali pa kuchotea. Watafiti waliopima maji ya mabwawa ya mchanga kusini mashariki mwa Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2018, walikuta mashimo ya wazi yana uchafu mwingi zaidi wa kinyesi kuliko visima vilivyojengewa na kufunikwa. Mchanga ule ule, mto ule ule, tofauti ni mfuniko. Mahali penye kisima kilichofunikwa na pampu ya mkono, maji hutoka maangavu na jua la saa sita humalizia yaliyobaki. Penye shimo la wazi, angalau shimo lizungushiwe miiba, mifugo ichimbiwe lake upande wa chini wa mto, na maji ya kunywa yaachwe usiku kucha yatulie kabla ya kuchujwa kwa kitambaa na kutiwa chupani.

Familia ya watu sita, wakinywa lita mbili kila mmoja, inahitaji chupa sita za lita mbili kwa siku, na sita nyingine ili hizi zinaponywewa zile ziwe juani. Maji ya kufua na kuogea hayahusiki. Kuchemsha nako ni kuzuri, ila kuni na makaa zina gharama yake kwa mfuko na kwa nyika, na hatujasahau msukosuko wa mwaka 2018 pale Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa. Dawa ya klorini, kama WaterGuard, nayo ina faida ambayo jua halina: hubaki majini ikiyalinda yasichafuke tena. Nyumba ikiwa na dawa leo na imeishiwa kesho, kesho hiyo ni ya chupa.

Tena jua haliondoi chumvi. Visima virefu vingi vya Kitui vina maji ya chumvi, vingine vina floraidi, na hakuna mwale wa aina yoyote utakaoyafanya maji hayo yafae. Muuzaji atakayekuja Tseikuru kusema mtambo wake wa mwanga unaondoa chumvi, afukuzwe.

Wauzaji wa mitambo watakuja, kwa sababu paneli za sola zimekuwa rahisi na taa za UVC hutumia umeme kidogo. Mtambo wenyewe ni bomba la chuma ambalo maji hupita yakizunguka taa iliyovikwa gamba la kioo cha kwatsi. Una nguvu ya kweli. Huua hata kriptosporidiamu, kimelea anayestahimili klorini na aliyewafanya watu takriban 400,000 waugue huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Lakini taa ya zebaki hufanya kazi kwa takriban saa 9,000, yaani kama mwaka mmoja ikiwashwa mfululizo, na baada ya hapo huendelea kung'aa rangi ya buluu huku nguvu ya kuua ikiwa imepungua hadi isitegemewe. Mtu anayeitazama hawezi kujua. Zaidi ya hayo, maji magumu kama ya visima vya Kitui huacha ukoko mweupe kwenye gamba la kwatsi, na ukoko huo hufunika taa taratibu. Kamati ya shule au ya kioski cha maji inayopewa mtambo huu ina haki ya kuuliza nani atasugua gamba kwa siki au limau, na pesa za taa ya mwaka ujao ziko wapi.

Kuna taa nyingine za zambarau madukani ambazo hazihusiani na kazi hii. Ile ambayo wakala wa M-Pesa humulikia noti ili aone kama ni bandia ni ya UVA hafifu. Hung'arisha nyuzi za usalama za noti, na noti ikitoka hapo bado ina vijidudu vyake vyote. Taa za UVC halisi, kwa upande mwingine, huunguza macho na ngozi kwa muda mfupi sana, na Shirika la Afya Duniani lilionya wakati wa korona kwamba zisitumike kusafishia mikono. Kwa vyombo vya nyumbani, maafisa wa afya ya umma wamekuwa sahihi miaka yote kusisitiza kila boma liwe na uchanja. Sufuria iliyooshwa ikaanikwa juani huwa kavu na huwa imepigwa miale, na mambo hayo mawili bakteria hawayapendi. Kitanda, blanketi na godoro la mgonjwa navyo vitolewe nje.

Hewa inahitaji neno lake, kwa sababu ya kifua kikuu. Robert Koch, aliyekigundua kijidudu chake, alitangaza mwaka 1890 kwamba jua hukiua. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Baltimore, Richard Riley na wenzake walivuta hewa kutoka wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu hadi kwenye vyumba vya simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Waliovuta hewa hiyo ilivyo waliambukizwa. Waliovuta hewa iliyopitishwa kwanza kwenye taa za urujuanimno walisalimika. Afrika Kusini, utafiti wa mwaka 2015 hospitalini eMalahleni ulionyesha kwamba taa zilizofungwa juu karibu na dari, pamoja na feni za kuchanganya hewa, zilizuia takriban asilimia 80 ya maambukizi. Hospitali ya Tseikuru, kama nyingine za mashinani, ingefaidika na taa hizo katika chumba ambamo wanaokohoa husubiri. Hadi hapo, madirisha mawili yanayotazamana yakifunguliwa asubuhi hufanya kazi kubwa bila stima, na katika nyumba zetu nyingi za vijijini dirisha ni tundu dogo lililozibwa kwa gunia.

Narudi kwa swali la nani atabadilisha taa, maana hilo ndilo huua miradi. Mwingi Kaskazini tayari ina jibu la karibu. Kule Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo vya kutuma ishara kwa simu katika mipini ya pampu za mkono. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Katika majaribio ya mwaka 2013, muda wa pampu kukaa ikiwa mbovu ulishuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya FundiFix, inayotengeneza pampu kwa ada ambayo jamii hulipa kidogo kidogo.

Mitambo mizuri ya UVC huwa na kipima mwanga kinachofunga maji taa ikipungua nguvu. Kipima hicho kinaweza kuunganishwa na ishara kama zile za Kyuso, na taa mpya ikawekwa katika mkataba mmoja na vipuri vya pampu. Serikali ya kaunti ikinunua mtambo wowote wa aina hiyo, mkataba wa miaka mitano wa matengenezo uandikwe siku ile ile ya ununuzi, bei yake ikiwa ndani. Wahamasishaji wa afya ya jamii nao, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wapewe ukurasa mmoja wa maelezo ya chupa na wawe wakichungulia mapaa kila wanapotembelea boma lenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Kazi hiyo inaweza kuanza mara tu vuli itakapokwisha, mito ikiwa bado imeshika maji mchangani na anga ikiwa imeshakuwa wazi.